Kabla ya Somo la Filamu, Ukumbi

Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi wa sekondari ya juu aliyechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo anaweza kusomea filamu. Hatua hiyo naipongeza. Walakini, aghalabu tunamfunza kijana ambaye hajawahi kuketi katika ukumbi wa sinema, na tunamsimulia sinema kana kwamba ilitua pwani yetu jana.

Tuutazame Mji Mkongwe wa Unguja. Mwaka wa 1921 ulifunguliwa humo ukumbi wa Royal, uliosanifiwa na Mwingereza J.H. Sinclair. Uliteketea katika miaka ya hamsini, na mnamo 1955 likasimama jengo jipya lililochorwa na Dayalji Pitamber Mistry. Hilo ndilo Majestic.

Wengi wa waliolijaza hawakujua Kihindi, ilhali walizihusudu filamu za Bombay, kama vile Awara ya Raj Kapoor ya mwaka wa 1951. Asiyeelewa alifasiriwa na jirani yake. Nyimbo nazo hazikubaki ukumbini. Kule Mombasa, Juma Bhalo alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu hizo. Sisi wanaisimu (nami nimo) tumehesabu maneno ya mkopo tukayasahau mahadhi! Hata katika maneno tumezembea: ni wangapi wameandika juu ya "steringi", yule shujaa asiyekufa, ambaye jina lake lilizaliwa na Kiingereza cha mabango ya sinema?

Runinga ya rangi ilifika Unguja mapema katika miaka ya sabini, kisha kanda za video zikafuata, na Majestic likachakaa. Hapa Kenya kumbi kadhaa ziligeuzwa makanisa na maduka. Leo vijana wetu hutazama filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili cha mitaani na DJ Afro. Baadhi ya walimu wenzangu hukereka. Mimi namwona ni yule yule jirani wa kitini, ila sasa ameshika kipaza sauti.

Basi mwalimu wa filamu na aanze na mji wake mwenyewe. Awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize ukumbi ulikuwa wapi, kiingilio kilikuwa kiasi gani, nani alimfasiria nani, na kwa maneno gani. Waende muhula huu, kwani waliokuwa vijana mwaka wa 1955 sasa wamepita miaka themanini.