Vazi la siku ya utamaduni litoke nyumbani

Na Zuhura Mshangama

Tangazo huja Jumanne, shughuli yenyewe ni Ijumaa: watoto wote wavae mavazi ya utamaduni. Haichukui muda kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa darasa kinachemka. Mmoja anauliza shuka za kimasai zinapatikana wapi kwa bei nafuu. Mwingine anaomba namba ya fundi atakayeshona kitenge kwa usiku mmoja. Wa tatu anataka kujua kama mtoto atakayekuja na sare atarudishwa nyumbani. Waliobaki wapo kimya, na kati yao yumo mzazi anayepiga hesabu ya watoto wawili, nauli ya wiki na unga uliobaki jikoni.

Mabishano haya nimeyasikia katika shule za kulipia na za serikali hapa Dar es Salaam, na nina msimamo. Siku ya utamaduni ni njema na iendelee. Lakini shule iache kuagiza vazi. Iombe kilichomo nyumbani kwa mtoto, na iombe habari zake.

Wazazi wanaolalamikia gharama mara nyingi huitwa wabahili. Si kweli. Vazi hili huvaliwa asubuhi moja, likaanikwa, likakunjwa, na mwakani halimtoshi tena mtoto. Mwenye watoto watatu katika madarasa matatu hununua mara tatu. Serikali ilipotoa Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 kuhusu elimumsingi bila malipo, ilieleza majukumu ya mzazi, yakiwemo sare na madaftari. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima shuleni. Vazi la lazima la siku moja ni mchango ulioingia kwa mlango wa nyuma, hata kama pesa haipiti kwa mwalimu. Na anayeumia zaidi ni mtoto. Ndiye anayesimama na sare peke yake mstarini huku wenzake wakipigwa picha.

Lipo lalamiko la pili, nalo ni stara. Wazazi wa Kiislamu na wa Kikristo hulisema kwa sauti moja. Binti wa miaka kumi anafungwa kanga kifuani, mabega wazi, kiunoni amezungushiwa kitambaa cha madoa ya chui, anaambiwa acheze ngoma mbele ya wageni. Kuna wanaojibu kwamba bibi zetu walivaa hivyo. Ni kweli walivaa kanga kifuani, wakiwa uani, kisimani, shambani, mbele ya watu waliowajua. Hawakurekodiwa na simu hamsini. Siku hizi jioni ileile picha ziko kwenye kurasa za shule mtandaoni kama tangazo la kuvutia wazazi wapya. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto si mali ya shule. Mzazi aulizwe kwanza, na akikataa asionekane mkorofi.

Lalamiko la tatu ndilo gumu zaidi: kabila. Baadhi ya shule huagiza mtoto avae vazi la kabila lake. Lipi? Baba Mnyakyusa, mama Mzaramo, mtoto amezaliwa Mbagala na Kiswahili ndiyo lugha pekee anayoota nayo. Walimu wengine hukata shauri kwamba ni kabila la baba, na kwa neno hilo upande wa mama unafutwa. Sensa zetu hazijamuuliza Mtanzania kabila lake tangu ile ya mwaka 1967. Kama taifa liliamua kutomhesabu mtu kwa kabila, mwalimu wa darasa la pili asimlazimishe mtoto achague ukoo mmoja mbele ya wenzake.

Wapo pia wazazi wanaoipenda siku hii, na hoja yao ni nzito. Mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza hushinda wiki nzima akionywa asiongee Kiswahili, nyumbani anaangalia katuni za ng'ambo, likizo haendi kijijini. Ijumaa hiyo moja ndipo anaposikia ngoma ikipigwa kwa mkono na kula makande yaliyofunikwa kwa kawa. Ukiifuta, kinabaki nini? Nakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana siku yenyewe iwe na kitu ndani yake.

Hivi sasa mara nyingi haina. Mwaka jana kwenye sherehe ya shule moja nilimwinamia mvulana wa darasa la tatu aliyependeza kwelikweli: shuka ya miraba myekundu begani, shanga za plastiki shingoni, fimbo mkononi. Nikamuuliza vazi lake ni la wapi. Akanijibu kwa kujiamini, "La utamaduni." La nani? Hakujua. Wazazi wake, nilivyoambiwa, ni watu wa Songea. Karibu nusu ya wavulana wa darasa lake walikuwa Wamasai wa siku hiyo, kwa sababu shuka ndiyo iliyokuwa rahisi kuipata dukani.

Hatua chache kutoka kwake alikaa binti aliyejifunga kaniki, nguo nyeusi iliyopauka, pindo limeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Waliompita bila kumtazama ni wengi. Nilipomuuliza yeye, maneno yalimtoka mfululizo: ni ya bibi yake, alikuwa akiivaa akienda kulima mpunga kwa sababu haionyeshi uchafu, na ile sehemu iliyoshonwa ilichanwa na mwiba. Akanionyesha bibi anavyoikaza kiunoni ili isidondoke akiinama. Zawadi ya aliyependeza ilikwenda kwa mtoto mwingine.

Tusisahau kwamba mavazi haya yote yana safari. Kabla ya shuka ya kiwandani, Wamasai walivaa ngozi. Kitenge kina asili ya batiki za Java, kikafika Afrika kupitia viwanda vya Uholanzi. Kanga imekuzwa na wafanyabiashara wa pwani, na wengi wao asili yao ni India. Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake bado zina chapa ya Mali ya Abdulla, alianza biashara Mombasa mwaka 1887. Je, kanga si yetu? Ni yetu sana. Imekuwa yetu kwa sababu mama zetu walitubebea mgongoni, wakaitoa kama zawadi kwa bi harusi, wakajitanda msibani. Kwa hiyo ukimnunulia mtoto kanga mpya Kariakoo ukamfunga bila neno, umempa kitambaa tu. Ukimpa ile ya mama yako na kumwambia ilivaliwa siku gani, umempa utamaduni.

Historia yetu inaonyesha pia kwamba vazi la amri halidumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwaachisha Wamasai lubega na udongo mwekundu ili waonekane raia wa kisasa. Wakati huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Wamasai hawakuacha lubega, na leo wajukuu wa waliotaka iachwe wanainunua kwa ajili ya shule. Jirani zetu Kenya walizindua vazi la taifa mwaka 2004, likashindwa kuingia mitaani. Watu huvaa kile chenye maana katika maisha yao. Mtoto naye ni mtu.

Haya yote yanagusa pia ile siku nyingine, ya kuvaa kama mtu wa kazi fulani. Madaktari wanajaa, marubani wanajaa, na kila mwaka wapo wanaovishwa magwanda ya kijeshi. Wazazi wenzangu, hilo liacheni. Agosti 2023 JWTZ liliwataka raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, na sherehe ya shule haibadilishi katazo hilo. Nauliza zaidi: kwa nini mtoto wa fundi magari asije na ovaroli ya baba yake, mikono imekunjwa, atueleze injini inavyochemsha? Kwa nini mtoto wa mama lishe asije na aproni ya mama yake aseme anaamka saa ngapi kuwasha jiko? Kazi iliyomlisha mtoto inastahili kusimama mbele ya darasa.

Napendekeza mambo haya yaingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati ya shule na wazazi. Tangazo litoke wiki tatu kabla, lisitaje shuka wala kitenge. Kitu kimoja kutoka nyumbani kitoshe: kofia ya babu, kanga ya bibi, kikoi, shanga, hata kijiko cha mti kama nguo haipo, na sare ya shule chini yake iruhusiwe bila maswali. Mtoto aje na sentensi mbili au tatu: ni ya nani, ilitumika lini, inavaliwaje. Mashindano ya kupendeza yafutwe. Na badala ya kulipa mtu wa muziki, shule iwaalike bibi na babu wawili watatu wa mtaani wawafundishe watoto kufunga lubega, kupiga kilemba, kuvaa msuli. Gharama yake ni soda na kiti cha heshima.

Walimu wana sehemu yao, ila kubwa ni yetu wazazi. Ni rahisi kutuma pesa kwa fundi. Kazi ni kukaa na mtoto jioni moja tukamweleza watu wake ni akina nani. Wengi wetu hatujawahi kukaa. Wengine wazee wetu wapo hai, simu zao tunazo, na hatujawauliza walifunga ndoa wakiwa wamevaa nguo gani. Waulizeni wiki hii, kabla tangazo halijaja. Mtoto akishajua habari hizo, hata akienda shuleni na sare yake atakuwa na la kusema, na hakuna fundi cherehani anayeweza kumshonea hilo.