Hatukuomba Padri Agawe Vidonge, Tuliomba Atuonyeshe Mlango

Dada mmoja wa kundi letu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, chuo cha Kanisa Katoliki. Chuo hatukitaji, na jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia, akasema, "Semeni, labda itamsaidia mwingine."

Usiku wa Ijumaa kondomu ilipasuka. Jumamosi asubuhi akaenda zahanati ya chuo, akaomba kidonge cha dharura. Nesi akamjibu, "Hapa hatutoi vitu hivyo." Akauliza, "Sasa wapi wanatoa?" Nesi akanyamaza, akaita anayefuata. Jumapili akajificha chumbani. Jumatatu na Jumanne alikuwa na mitihani. Jumanne jioni akapanda basi hadi Nyabugogo, akatufikia Kigali akiwa analia. Kidonge kile kinatakiwa kimezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya siku 3 za mwanzo, na kila saa inayopita nguvu yake inapungua. Tulimtafutia, akameza, haikusaidia.

Leo ana mtoto. Ufadhili ulisimama, masomo yakasimama. Anasuka nywele Nyamirambo. Mtoto tunampenda sote, tunampokezana kila Jumamosi tunapokutana. Lakini kuna jambo moja linatuuma mpaka leo. Ng'ambo ya barabara, karibu kabisa na geti la chuo kile, kulikuwa na kituo kidogo cha afya, kile tunachokiita posti. Posti ile ilikuwa inatoa vidonge, sindano, vijiti, kila kitu. Dada yetu alipita mbele yake kila siku akienda kununua mandazi. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Basi tunaandika kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikusemwa: "Nenda pale ng'ambo."

Tuanze na sheria, maana watu wengi wanachanganya. Rwanda ilikuwa na mjadala mrefu kuhusu umri. Oktoba 2022 Bunge lilikataa mswada wa kuruhusu vijana kuanzia miaka 15 kupata njia za kuzuia mimba bila ruhusa ya mzazi. Agosti 2025 Bunge hilo hilo likapitisha sheria mpya ya huduma za afya, na mlango ukafunguka kwa wa miaka 15. Tulifurahi kwa ajili ya wadogo zetu. Lakini sisi wa chuo mjadala ule haukutuhusu sana! Sheria ya afya ya uzazi ya mwaka 2016 ilishampa mtu aliyetimiza miaka 18 haki ya kuamua mwenyewe. Dada yetu alikuwa mtu mzima mbele ya sheria. Haki alikuwa nayo mfukoni, pamoja na kadi ya Mutuelle. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mlango uko wapi.

Na nchi hii siyo nchi inayoogopa uzazi wa mpango. Mwaka 2005, kati ya wanawake 100 walioolewa, kama 10 tu ndio waliokuwa wanatumia njia za kisasa. Utafiti wa taifa wa 2019–2020 ulikuta wamefika 58. Nchi chache Afrika zimekwenda mwendo huo. Lakini isome tena hesabu hiyo: wanawake walioolewa. Mwanafunzi wa miaka 21, hana mume, ni mkimbizi, anaishi hosteli ya Kanisa, kwenye sherehe ya namba hiyo hayumo.

Sasa tuseme kuhusu Kanisa. Tuseme kwa heshima, maana wengi wetu tumebatizwa humo, na wengine tulikula chakula cha parokia usiku tulipokimbia. Msimamo wa Kanisa tunaujua. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alitoa barua ya Humanae Vitae, akakataza njia za kisasa za kuzuia mimba. Alifanya hivyo ingawa wengi katika tume iliyomshauri walitaka mafundisho yabadilike. Barua ile haijafutwa. Kwa hiyo hatushangai zahanati ya chuo cha Kanisa isipokuwa na vidonge kwenye kabati. Hatuombi sista aende kinyume na dhamiri yake. Hilo tuliseme wazi ili mtu asije kutugeuzia maneno.

Lakini Rwanda ilishapata dawa ya ugomvi huu zamani. Vituo vingi vya afya hapa nchini ni vya Kanisa, na vile vya Kikatoliki vinafundisha njia za asili tu. Serikali ilifanya nini? Haikuwafukuza masista. Ilijenga posti ndogo karibu na vituo hivyo, kwa kazi hiyo hiyo ya uzazi wa mpango. Mama anaenda kituo cha masista kupima ujauzito na kuchanja mtoto. Akitaka sindano ya miezi 3, anavuka barabara. Kanisa halikubadilisha mafundisho, serikali haikuvunja dhamiri ya mtu, na mama amepata anachotaka. Watu waliketi wakakubaliana.

Swali letu ni dogo: kama mpango huo unamfaa mama wa kijijini, kwa nini haumfai mwanafunzi wa chuo?

Na shida hii siyo ya Rwanda peke yake. Marekani, Novemba 2011, wanafunzi wa Fordham, chuo cha Wajesuiti jijini New York, walichoka kukataliwa kwenye zahanati ya chuo. Wakaleta madaktari wa kujitolea, wakafungua kliniki ya siku moja nje ya eneo la chuo, wanafunzi wakaandikiwa dawa zao. Mwaka 2013 wanafunzi wa Boston College waliokuwa wanagawa kondomu kutoka vyumbani mwao waliandikiwa barua ya kutishiwa adhabu. Na mwaka 2012 Sandra Fluke, mwanafunzi wa sheria wa Georgetown, aliwaeleza wabunge habari za rafiki yake aliyekuwa na uvimbe kwenye ovari. Vidonge vile alivihitaji kama dawa ya ugonjwa. Bima ya chuo ikamsumbua, pesa zikamwishia, mwishowe akapoteza ovari moja.

Hapo mnisome vizuri, ndugu zetu Wakatoliki. Humanae Vitae yenyewe inaruhusu dawa hizo zikitumika kutibu ugonjwa. Kwa hiyo msichana mwenye damu nyingi ya mwezi, anayeanguka darasani, akifukuzwa dirishani kwa sababu jina la kidonge linatisha, aliyemfukuza amekwenda mbali kuliko Papa.

Wenzetu wa Fordham walikuwa na madaktari wa kuwaita na pasipoti za nchi yao mifukoni. Sisi tuna nini? Ndiyo maana lile jibu la "kama hutaki sheria za chuo, chagua chuo kingine" linatuchekesha kwa uchungu. Mkimbizi hachagui chuo kama mtu anayechagua nyanya Kimironko. Unaenda pale ufadhili ulipokupeleka, pale shirika lilipo na makubaliano, pale nafasi ilipobaki. Tumetoka Masisi, Uvira, Bujumbura. Tumepitia Kiziba, Mahama, Nyabiheke. Anayetuambia tuchague hajawahi kusubiri orodha ubaoni akitafuta jina lake.

Wengine wanasema, "Jizuieni." Anayejizuia tunamheshimu, na kundini kwetu wapo wengi, wala hatuwacheki. Lakini ushauri wa kujizuia haumsaidii ambaye kondomu imeshapasuka. Haumsaidii msichana aliyelazimishwa, na miongoni mwa wakimbizi hao wapo, sote tunajua. Haumsaidii hata mwenzetu aliyeoa, anayesoma pamoja na mke wake, ambao wameamua kumaliza shule kwanza. Yeye naye kwenye dirisha lile anajibiwa, "Hatutoi."

Halafu tunasikia, "Mnataka kufundisha umalaya." Kwani mimba inawaumiza nani? Mvulana aliyekuwa na dada yetu usiku ule alimaliza masomo yake. Tulimpigia makofi kwenye mahafali, na sisi tulikuwepo! Ufadhili wake haukusimama hata siku moja. Watu wawili waliingia kwenye jambo moja, mmoja akatoka na diploma, mwingine akatoka na mtoto mgongoni. Anayetaka kuzungumza maadili aanzie hapo.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya lawama. Wavulana wetu wanaona aibu kununua kondomu lakini hawaoni aibu kumcheka msichana aliyeonekana akitoka posti. Vikundi vyetu vya sala vinamtenga binti akipata mimba, kisha vinamlaani akisikika anatumia sindano. Sasa afanye lipi? Habari za mtu zinafika kambini kabla yeye hajafika nyumbani. Dada yetu alituambia kwamba siku zile mbili, zaidi ya kumwogopa mkuu wa chuo, alituogopa sisi. Maneno hayo tumeyabeba.

Nanyi ndugu wa mashirika, mnaosoma kurasa hizi, tunawapenda na tunawasema. Mnatuletea semina, maji ya chupa na nauli. Picha mnapiga. Lakini mnaposaini makubaliano na chuo, mnauliza kuhusu ada, malazi na alama za mitihani. Je, mnauliza mwanafunzi wenu atapata wapi huduma ambazo chuo hakitoi? Karatasi ile mnayosaini ndiyo yenye nguvu. Semina ya saa mbili haina.

Basi tunaomba mambo haya, na hakuna hata moja linalomlazimisha Mkatoliki kutenda dhambi.

Kwanza, siku ya kupokea wanafunzi wapya, shirika linalofadhili limpe kila mmoja wetu, msichana na mvulana, karatasi moja: posti iliyo karibu, saa zake, huduma zake, na kwamba kidonge cha dharura kina siku zake. Iwe kwa Kiswahili na Kifaransa pia, maana si wote tunaosoma Kinyarwanda au Kiingereza. Chuo kisichotaka kuigawa basi kisiizuie.

Pili, nesi ambaye dhamiri yake inamkataza kutoa, aseme hivyo bila kumwaibisha mtu, na asimdanganye wala kumnyima habari zinazoweza kumsaidia. Kukataa kutoa ni haki yake. Kumwacha mtu gizani siyo haki ya yeyote.

Tatu, posti zilizo karibu na vyuo zifungue jioni au Jumamosi. Mwanafunzi yuko darasani saa zile zile ambazo posti iko wazi. Na mkalimani asiwe jirani wa mama yake.

Nne, mimba isiue ufadhili. Msichana aruhusiwe kusimama mwaka mmoja kisha arudi, na iandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Kanisa linalosema linatetea uhai, hapa lisimame pamoja na sisi. Tunaamini kabisa mapadri wengi watasimama.

Tano, hili ni letu. Kila mmoja wetu aliye chuoni atafute posti ya karibu naye wiki hii, aingie, aulize saa zao na wanatoa nini, atuandikie. Tutaweka orodha pamoja. Hatuna madaktari wa New York, lakini miguu tunayo, na kuuliza hakulipishwi.

Dada yetu anataka kurudi shule. Ameandika barua ya kuomba, tumemsaidia kuisahihisha, tunasubiri jibu. Mwezi uliopita binti mdogo wa kundi letu alipata nafasi kwenye chuo cha Kanisa. Kabla hajapanda basi, dada yetu alimshika mkono wakiwa Nyabugogo, akamwambia ile sentensi ambayo yeye hakuambiwa: "Ukifika, kabla hujatafuta kantini, tafuta posti iko wapi."

Ilimchukua sekunde chache kuisema. Chuo na shirika, kwa pamoja, walikuwa na mwaka mzima na nusu.