Tupeni Kura Kabla ya Jiji

Nilikuwa kwenye matatu kutoka Kilifi kwenda Malindi, tumebanana viti vya nyuma, wakati jamaa wawili walipoanza. "Sisi ndio makao makuu ya kaunti," akasema wa Kilifi. "Makao makuu ya nini? Sisi tulikuwa na meya, nyinyi mkiwa baraza la mji tu," akajibiwa na wa Malindi. Tulipopita Gede, mama mmoja wa Mtwapa naye akaingilia: "Nyote mnapiga domo bure, wanangu. Bila ushuru wa Mtwapa mngekuwa wapi?"

Matatu nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mabishano haya nayajua. Nimezaliwa Malindi na nimekaa maskani jioni nyingi nikitetea mji wangu kama mtu anavyotetea timu ya mpira. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Eldoret ikapewa hati Agosti 2024. Kwani sisi tumekosa nini? Malindi tulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, halafu leo Eldoret itutangulie?

Siku hizi sibishani tena. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, na sasa naandika chochote kinacholipa. Kazi moja ilinilazimisha kuisoma sheria ya maeneo ya miji na majiji ya 2011, yote, usiku kucha. Nilianza nikitafuta njia ya Malindi kuwa jiji. Nikamaliza nikiwa na hasira, kwa sababu tumekuwa tukigombania kitu kisichokuwa chetu.

Tuanze na hesabu. Zamani jiji lilihitaji wakazi 500,000. Mwaka 2019 Bunge likapunguza hadi 250,000, na manispaa ikashuka kutoka 250,000 hadi 50,000. Sensa ya mwaka huohuo iliipa Malindi watu wapatao 120,000, Mtwapa zaidi ya 90,000, na mji wa Kilifi zaidi ya 74,000. Kwa hiyo kwa kigezo cha idadi, miji yote mitatu inafaa kuwa manispaa, na hakuna hata mmoja uliofika nusu ya jiji. Ubishi wa nani mkubwa kati yetu ni wa vikombe vitatu, kila kimoja kikijiita birika.

Lakini idadi si shida yangu. Shida yangu ni kiti. Zamani tulipokuwa na mabaraza, tulichagua madiwani, nao wakamchagua meya. Walikuwa na madhambi yao, sikatai. Lakini diwani akikukosea, ulijua mlango wake, na ulijua siku ya kumtoa. Baada ya 2013 mfumo huo ukaisha. Sasa manispaa ina bodi na meneja. Meneja anaajiriwa na kaunti. Wanabodi wanapitia kwa gavana na bunge la kaunti, na hata wale wanaotoka kwenye vyama hawapigiwi kura na mimi na wewe. Kutoza kodi ya ardhi, Katiba imewapa kaunti. Bodi ya manispaa inangoja kaunti iipe bajeti, kama mtoto anayengoja nauli ya shule.

Utaniambia tunao wawakilishi wadi. Ndiyo, lakini kila mmoja anapigania wadi yake. Nani anaamka asubuhi akiwaza Malindi nzima, kuanzia Shela hadi Maweni, na akikosea tunamtoa? Hakuna.

Utaniambia pia manispaa zinaleta pesa. Hapo una haki. Benki ya Dunia ilipitisha mamilioni kwa manispaa zenye hati na bodi, na zikajengwa barabara, mitaro na taa. Ndiyo maana kila gavana nchini anakimbilia hati. Lakini mgeni akikupa pesa, mgeni ndiye anayepanga orodha. Mradi ukiisha, taa ikizimika, unampigia nani?

Historia yetu wenyewe imeshatuonya. Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama kwa mikono miwili, na sababu kubwa ilikuwa ugomvi wake na Mombasa. Alitaka rafiki mwenye mizinga. Karibu miaka 100 baadaye Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus huko Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko akakalia kiti alichokitamani. Yeye alipata cheo. Malindi iliyobaki nyuma ikafifia. Ile nguzo ya Vasco tunayopiga nayo picha ni ukumbusho wa mji uliotafuta ukubwa kwa mgeni ili umshinde jirani.

Na jirani mwenyewe ni nani? Malindi, Kilifi na Mtwapa zote zinatazamia maji ya Baricho, kwenye mto Sabaki. Pampu zikisimama, mifereji inakauka kotekote, na muuza maji wa mkokoteni anapandisha bei bila kuuliza nani ni makao makuu.

Kuna jambo zito zaidi. Hati ya manispaa huja na mpaka. Pwani hii watu wengi wanaishi kwenye ardhi ambayo babu zao walizikwa humo, lakini hatimiliki ina jina la mtu mwingine. Mstari wa mji ukisogea hadi shambani, bei ya ardhi inapanda, na mwenye karatasi aliyekuwa amesahau shamba lake anakumbuka ghafla. Kwa familia kama hiyo, hiyo ndiyo siku ya kuamkia tingatinga.

Mama yangu anauza mahamri na mbaazi kando ya barabara. Kila siku analipa ushuru, anapewa risiti, anaikunja anaitia kwenye mkebe. Nilipomwambia huenda siku moja mji wetu ukawa jiji, aliniuliza, "Hilo jiji litakuwa na choo, mwanangu?" Kwa sababu hapo anapolipa ushuru, hana choo cha kwenda.

Kwa hiyo sipingi Malindi kukua, wala Kilifi, wala Mtwapa. Nataka tubishane juu ya kitu chenye maana. Sheria ileile inawapa wakazi haki ya mabaraza ya kuuliza maswali. Tangazo la kutoa maoni likibandikwa, usiende kupiga makofi na kunywa soda. Uliza mpaka unapita wapi na nani anaishi hapo. Uliza katika kila shilingi ya risiti ya mama yangu, senti ngapi zinarudi barabarani kwake. Uliza kwa nini bodi nzima isichaguliwe kwa kura, na umtume mbunge wako akabadilishe sheria.

Ukikutana na mtu wa mji jirani kwenye matatu, mwambie naye aulize kwao. Mkebe wa risiti wa mama yangu umeshajaa.