Elimu ya Amali Isiwe Makimbilio ya Walioshindwa

Katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, jirani na mpaka wa Burundi, kama ilivyo kwingi nchini Tanzania, mtu aliyesoma hupimwa kwa kidato alichofikia. Ni nadra kuulizwa ajua kutenda nini. Kipimo hicho sasa kinatiwa majaribuni, kwani Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2025, imeigawa sekondari katika mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Mzazi wa Mugoma hana budi kuuliza mapema: ni mtoto gani atakayepelekwa kwenye amali, na kwa sababu gani?

Swali hilo lisiposimamiwa, litajijibu lenyewe. Mwenye alama nzuri atakwenda jumla. Atakayebaki atapewa nyundo.

Japani, nchi ambayo aghalabu hutajwa kuwa kielelezo cha elimu ya ufundi, ilikwisha kuupata mkasa huo. Mfumo wake wa sasa ulianzishwa mwaka 1947: miaka 6 ya shule ya msingi, 3 ya sekondari ya chini, 3 ya sekondari ya juu, na 4 ya chuo kikuu. Miaka 9 ya kwanza ni ya lazima. Njia hugawanyika mtoto afikapo umri wa miaka 15, na mlangoni pana mtihani. Walio wengi huingia sekondari ya juu ya jumla. Wengine huingia sekondari za juu za kilimo, za ufundi wa viwandani, za biashara, hata za uvuvi. Wachache mno, yapata mmoja katika kila mia, huingia chuo kiitwacho kosen, ambacho huunganisha sekondari ya juu na elimu ya fundi sanifu katika miaka 5 mfululizo. Vyuo hivyo vilianza mwaka 1962, viwanda vya nchi hiyo vilipokuwa na njaa kubwa ya mafundi, na leo ni zaidi ya 50.

Linalostahili kuangaliwa ni jinsi shule hizo zilivyotofautiana katika bahati yake. Mwaka 1970 wanafunzi wapatao 4 katika kila 10 wa sekondari ya juu walikuwa katika kozi za ufundi, kilimo, biashara na mfano wa hizo. Siku hizi hawafiki 2. Wazazi walizikimbia, kwa kuwa katika miji mingi zilikwisha kuwa mahali pa kupeleka wale ambao alama zao hazikutosha kwingine. Kosen haikukimbiwa. Masomo ni ya jamii moja, vyuma ni vile vile. Tofauti ni kwamba mtoto huingia kosen kwa kushindania nafasi, hukuta humo karakana na maabara za kweli, na akimaliza njia haimfungi. Wako waendao kazini moja kwa moja, na waajiri huwagombea. Wako pia wanaojiunga na chuo kikuu katika mwaka wa tatu, na mwaka 1976 vilianzishwa vyuo vikuu viwili vya teknolojia, Nagaoka na Toyohashi, kwa ajili yao hasa. Mzazi wa Kijapani hakuichukia kazi ya mikono. Alichokwepa ni njia isiyo na mwisho mwema.

Tanzania nayo ina kumbukumbu zake. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule za sekondari katika miaka ya 1970 zilipewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Nia ilikuwa njema, tena wako mafundi hodari waliotokana nayo. Lakini shule nyingi zilipata jina la mchepuo kabla ya kupata jiliwa na tupa za kutosha, na mwanafunzi alijua fika kwamba kitakachomwokoa ni mtihani wa nadharia. Bustani ya shule mara nyingi ilikuwa adhabu ya wachelewaji kuliko maabara ya kilimo. (Walimu wa leo wasicheke sana, desturi hiyo haijafa.)

Haja ya mafundi haiko mbali na Mugoma. Katika wilaya hiyo hiyo ya Ngara, maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera yamejengewa mitambo ya umeme ya megawati 80, inayogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Wilayani humo pia iko hazina ya nikeli ya Kabanga, ambayo Serikali ilisaini mkataba wake na mwekezaji Januari 2021. Katika wilaya jirani ya Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 mwekezaji akaondoka, mgodi ukakabidhiwa kwa Shirika la Madini la Taifa. Mtoto aliyeanza Darasa la Kwanza mgodi ulipofunguliwa alikuwa Kidato cha Pili mwekezaji alipoaga. Mgodi haumngoji mtoto akue. Mitambo ya aina hiyo huhitaji mtu ajuaye kusoma mchoro, kupima kwa mikromita, kuchomelea bomba lisivuje na kutafuta hitilafu ya umeme bila kubahatisha. Asipopatikana aliyefundishwa, ataletwa kutoka mbali, na kijana wa kijijini atabaki kulinda lango.

Wapo watakaosema kwamba taifa lisilo tajiri haliwezi kuweka mashine za kukereza katika kila shule ya kata. Wasemayo ni kweli, na ndiyo sababu lisijaribu. Ni afadhali wilaya ya Ngara iwe na shule moja ya amali yenye karakana kamili, umeme wa uhakika, bweni la wavulana na la wasichana, na walimu waliopata kufanya kazi kiwandani, kuliko kuwa na shule kumi zenye vibao vipya na chaki zile zile. Nafasi za shule hiyo zishindaniwe. Na mhitimu wake ajue tangu siku ya kwanza kwamba akifaulu ataweza kuendelea Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, apate stashahada, kisha shahada. Ngazi hiyo ipo tayari. Kinachotakiwa ni kuifikisha chini hadi kidato cha kwanza.

Muda uliobaki si mwingi. Kwa mpango uliotangazwa, wanaomaliza Darasa la Sita na wanaomaliza Darasa la Saba mwaka 2027 wataingia Kidato cha Kwanza pamoja, Januari 2028. Vyumba vitakuwa vichache na watoto maradufu. Kishawishi kitakuwa kikubwa cha kuwaita waliokosa madawati «wanafunzi wa amali».