Rubani alikosea. Halafu?

Najua wengi mlitegemea niandike tena mambo ya mgao na vibali vya kutoka kambini, ila leo mnivumilie. Nataka kuongelea ndege, na baada ya ndege nitaongelea maji.

Sisi tuliotoka Kabare na Bukavu tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Februari 2012. Nilikuwa mtoto wa miaka 11. Ndege ndogo ya jeti, aina ya Gulfstream IV, ilikuja kutua Kavumu ikiwa imebeba wakubwa wa serikali. Iligusa chini, ikashindwa kusimama, ikapita mwisho wa lami na kuporomoka. Marubani wote wawili walikufa. Akafa Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa karibu wa Rais Kabila, mtu aliyesemwa kuwa na nguvu kuliko mawaziri. Matata Ponyo, waziri wa fedha, alitoka hai, na miezi michache baadaye akawa waziri mkuu. Gavana wetu Marcellin Cishambo aliumia. Wakafa pia watu waliokuwa chini, wakulima, ambao majina yao mimi sijawahi kuyasikia.

Kwetu kulikuwa na maelezo mawili tu. Wengine walisema kuna mkono wa mtu, mzee hakufa hivihivi. Wengine walisema hapana, uwanja wa Kavumu ni mfupi, kilomita 2 hivi, na rubani aligusa mbali mno. Mjomba wangu alikuwa upande wa hawa wa pili. Alisema, "Rubani alikosea," akainuka, akakunja mkeka. Mazungumzo yakaisha hapo. Toka siku ile nimelisikia neno hilo likifunga mazungumzo mara nyingi, na mara moja nilifungiwa mimi.

Sasa sikieni hii nyingine. Miaka miwili baadaye, tarehe 31 Mei 2014, Gulfstream IV nyingine ilipita mwisho wa uwanja, safari hii kule Bedford, jimbo la Massachusetts, Marekani. Hii haikuwa inatua, ilikuwa inaruka. Saa 3:40 usiku, watu 7 ndani, mmoja wao Lewis Katz, tajiri na mwenye hisa katika gazeti la Philadelphia Inquirer. Wote 7 walikufa.

Ripoti ya uchunguzi ya bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Mimi niliisoma kwenye simu, kwa bando la wiki nzima, kamusi pembeni. Kusema ukweli majedwali niliyaruka. Lakini nilichokielewa kilininyima usingizi.

Ndege hiyo ina kufuli ambalo hufungwa ikiwa imeegeshwa, ili upepo usipigepige vile vibawa vya kuiongoza vilivyo kwenye mabawa na mkiani. Ni kama stendi ya pikipiki: ukiegesha unaishusha, ukiondoka unaipandisha. Kufuli hilo linatakiwa kufunguliwa kabla hata ya kuwasha injini. Halikufunguliwa. Halafu, kabla ya kuruka, rubani anatakiwa azungushe usukani mpaka mwisho, kila upande, aone kama unatii. Ni jambo la sekunde chache, na wangelifanya wangeligundua kufuli palepale. Hawakulifanya. Ndege ikakimbia mpaka kilomita 300 kwa saa, rubani anavuta, pua hainyanyuki. Kinasa sauti kinamsikia akisema kufuli limefungwa, anarudia tena na tena. Inaonekana alijaribu kwanza kulifungua huku ndege inakimbia, badala ya kuzima mwendo. Zikapita sekunde kama kumi kabla ya breki. Lami ikaisha, ndege ikagonga taa na antena, ikaingia kwenye korongo la mto, ikawaka.

Mjomba angekuwepo, angeshakunja mkeka. Rubani alikosea, na ni kweli alikosea. Marubani wote wawili walikosea, tena hawa walikuwa na uzoefu mkubwa na walikuwa wameruka pamoja miaka mingi.

Wachunguzi hawakukunja mkeka. Ndani ya ndege kulikuwa na kifaa kinachohifadhi kumbukumbu za safari zilizopita, wakakifungua. Wakakuta miruko 175 ya nyuma. Ukaguzi kamili wa usukani ulikuwa umefanyika mara 2. Mbili, kati ya 175.

Kwa hiyo lile halikuwa kosa la usiku ule. Ilikuwa desturi yao. Safari zaidi ya 170 waliruka bila kukagua vizuri na hakuna kilichotokea, na kila siku ambayo hakuna kilichotokea iliwafundisha kwamba ukaguzi hauna maana. Kumbukumbu zilikuwepo ndani ya ndege muda wote, na hakuna aliyezisoma mpaka watu walipokufa. Kampuni yao ndogo ilikuwa imekaguliwa na ilikuwa na cheti cha usalama. Na kufuli lenyewe lilitakiwa limzuie rubani kusukuma injini kupata nguvu ya kuruka, lakini halikuzuia vya kutosha. Ripoti inamtaja mtengenezaji wa ndege kwa hilo, inaitaja na mamlaka ya anga iliyopitisha ubunifu huo.

Baadaye chama cha wenye ndege za biashara kilitakiwa kuangalia kama ni hawa wawili tu. Wakapitia kumbukumbu za safari zaidi ya 143,000. Karibu asilimia 18 zilikuwa hazina ukaguzi kamili. Basi tuwaite wote wajinga?

Hapa ndipo nakuja kwenye maji.

Baadhi yenu mnajua kwamba niliwahi kufanya kazi ya insentivu kwenye maji, hapa kambini. Kazi yangu ilikuwa kupima klorini kwenye mabomba ya mtaa kila asubuhi. Unachota maji kwenye kikopo kidogo, unatia kidonge, unatikisa. Maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha rangi na kipimo, unaandika namba. Wiki za kwanza nilipima kila bomba. Ilikuwa 0.3. Kesho 0.3. Keshokutwa 0.3. Kina mama kwenye foleni wanalalamika namalizia maji yao kwa michezo ya rangi. Siku moja mvua ilinyesha, nikaandika 0.3 bila kupima. Hakuna kilichotokea. Wiki iliyofuata niliruka mabomba mawili, baadaye sita, mwishowe nilikuwa naijaza fomu nzima nikiwa nyumbani, nakunywa chai.

Halafu watoto wa mtaa wetu wakaanza kuharisha. Wakaja wapimaji wengine, wakakuta mabomba yetu hayana klorini kabisa, na kwenye begi langu wakakuta vidonge ambavyo vilitakiwa viwe vimekwisha zamani. Nilifukuzwa siku hiyohiyo, mbele za watu. Mmoja wa wale watoto anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipona, Mungu mkubwa. Mama yake bado ananisalimia, na kila akinisalimia natazama chini.

Sitafuti huruma. Nilikosea, na najua ningeweza kuua. Lakini ndugu zangu wa mashirika mnaosoma hapa, naomba niwaulize kwa heshima: fomu zangu zilikuwa zinakwenda wapi? Zilikuwa na 0.3 kila bomba, kila siku, na kila wiki kuna mtu aliweka sahihi chini. Maji gani ya kambi yanakaa 0.3 miezi miwili bila kupanda wala kushuka, kiangazi na mvua? Vidonge vilihesabiwa wakati wa kunipa, havikuhesabiwa wakati wa kazi. Na klorini yenyewe iliacha lini kutiwa kwenye tenki, nani aliacha, kwa sababu gani? Hilo hatujaambiwa mpaka leo. Tuliambiwa mfanyakazi alizembea, ameondolewa. Mkeka ukakunjwa.

Kuna rafiki yangu humu kwenye grupu alinisomea rasimu hii akasema, "Kaka, unajitetea kijanja, unataka lawama igawanywe ili yako iwe ndogo." Nimelifikiria sana neno lake. Jibu langu ni kwamba yangu haipungui. NTSB haikuwapunguzia wale marubani chochote, iliwaweka juu kabisa kwenye orodha ya sababu. Ila iliendelea kuandika baada ya hapo. Mimi kufukuzwa ni sawa. Kisicho sawa ni kwamba aliyechukua nafasi yangu alipewa begi lilelile, fomu ileile na msimamizi yuleyule mwenye haraka.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika. Nilipoanza kuruka mabomba, wenzangu wawili wa kazi walijua. Walicheka. Mmoja alikuwa anafanya vilevile. Hakuna aliyesema, kwa sababu ukisema unaitwa mchongezi, na kwa sababu insentivu ni ndogo lakini nyumbani wanaitegemea yote. Mtu akijua kwamba kukiri leo asubuhi kwamba hakupima jana kutamfanya afukuzwe, atakiri vipi? Ataandika 0.3.

Ninachoomba si kikubwa. Aliyekosea na akasema mwenyewe siku hiyohiyo asipoteze kazi kwa kosa la kwanza. Anayeweka sahihi ahesabu vidonge vilivyobaki, alinganishe na mistari ya fomu. Na likitokea baya, ripoti isomwe kwetu, mtaani, kwa Kiswahili na Kirundi, kina mama wa foleni wakiwepo, hata kama ina aibu yetu na aibu yenu. Wakulima wa Kavumu hawakupata kitu kama hicho.

Binti anayepima sasa kwenye mtaa wetu ni mdogo, hana hata miaka 20. Juzi nilimkuta bombani amechuchumaa na kikopo, foleni inamfokea. Nikasimama pale, nikawaambia kina mama wasubiri, kwamba mimi ndiye yule ambaye hakupima. Walinyamaza. Akamaliza, akanionyesha rangi: ilikuwa nyeupe kama maji ya mvua. Tukaenda wote wawili kwa msimamizi kumwambia.