Neno la siri la chuo si bidhaa ya langoni

NAANZA kwa kukiri kosa. Mwaka jana, kwa muda wa miezi miwili, mimi mfanyabiashara wa vitenge nilikuwa nikitumia intaneti ya chuo kikuu ambacho sijawahi kusoma hata siku moja. Neno la siri nililinunua kwa faranga 500 katika kibanda cha fotokopi kilicho jirani na lango la chuo hicho, hapa Kigali. Kila jioni niliegesha pikipiki yangu kando ya ukuta na kutuma picha za mzigo kwa wateja wangu wa Goma, Kampala na Kahama.

Sikujiona mwizi. Pale ukutani tulikuwa wengi: madereva wa pikipiki, wauza simu, vijana wa kubadilisha fedha. Tuliambiana kwamba bando ni ghali, kwamba chuo kimeshalipia, na kwamba maji ya mto hayapungui kwa mtu mmoja kuchota.

Nilizinduka siku mpwa wangu, ambaye anasoma mwaka wa pili chuoni hapo, aliponijia nyumbani Nyamirambo akiwa amenyong'onyea. Kazi yake ya muhula ilitakiwa kuwasilishwa kwa intaneti kabla ya saa sita usiku. Alikaa maktaba tangu saa kumi na moja jioni. Kila alipojaribu kuituma, ilifika nusu, ikakatika, ikaanza upya. Saa sita ilipogonga, kazi haikupokelewa tena na alama zikapotea.

"Mjomba," aliniambia, "intaneti ya chuo imejaa watu wasiojulikana."

Sikuwa na la kumjibu. Mmoja wa hao wasiojulikana alikuwa amekaa mbele yake akimmiminia chai.

Ndugu msomaji, intaneti isiyo na waya, ambayo vijana wanaiita waifai, husafiri kwa mawimbi ya redio. Kile kisanduku kilichobandikwa darini hakiwezi kuzungumza na simu zote kwa mara moja. Simu na kompyuta zilizo karibu nacho hupokezana zamu, kama magari yanayopita daraja la njia moja. Na simu iliyo mbali, ambayo mawimbi yake yamefifia, huchukua muda mrefu zaidi kuvusha mzigo ule ule. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nje ya ukuta niliweza kumchelewesha mpwa wangu kuliko mwanafunzi mwenzake aliyekaa naye meza moja.

Lakini kosa si letu peke yetu tuliokaa ukutani. Chuo hicho kilikuwa na neno la siri moja kwa wanafunzi wote. Neno wanalolijua maelfu ya watu si siri tena. Uongozi ulilibadilisha mwanzoni mwa muhula, na kabla ya jua kuzama lilikuwa limeshafika kibandani. Fundi wa mitambo hakuweza kujua nani ni mwanafunzi na nani ni muuza vitenge, kwa sababu wote tuliingia kwa neno lile lile. Wafanyabiashara tunajua vizuri kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku chache baadaye nilikwenda Kampala kufuata mzigo Kikuubo. Binti yangu mkubwa anasoma katika mji huo, nikamtembelea bwenini kwake, nje ya chuo. Nilimkuta amefungua kompyuta anasoma, na hakuwa amenunua bando. Nikamwambia anipe neno la siri nami nitume picha zangu. Akacheka. "Baba, hili ni langu peke yangu. Nikikupa wewe, chochote utakachofanya kitaandikwa kwa jina langu."

Ndipo aliponieleza juu ya mpango unaoitwa eduroam. Ulianza Ulaya mwaka 2002 kwa wazo la Mholanzi Klaas Wierenga, na leo umeenea katika nchi zaidi ya 100. Uganda inao kupitia RENU, mtandao wa vyuo na watafiti ulioanzishwa mwaka 2006, ambao umeusogeza hadi nje ya vyuo, yakiwemo mabweni ya wanafunzi. Kenya inao kupitia KENET, iliyoanzishwa mwaka 1999. Binti yangu alipokwenda Nairobi na wenzake, simu yake iliingia yenyewe katika intaneti ya chuo cha huko bila kumwomba mtu kitu.

Sisi wa mipakani tusione ajabu. Gari lenye kadi ya njano ya bima ya COMESA likivuka Gatuna au Rusumo halinunui bima nyingine. Kampuni ya nyumbani imeshamdhamini mwenye gari, na nchi jirani inaukubali udhamini huo. Eduroam hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Mwanafunzi anapofika chuo cha ugenini, mitambo ya hapo inakiuliza chuo chake: huyu ni wako? Chuo chake kikisema ndiyo, anafunguliwa. Kikisema siyo, anabaki nje. Simu ikiwa imewekwa sawasawa, neno lake la siri linahakikiwa na chuo chake, na chuo mwenyeji hakilioni. Wala mwanafunzi halipi chochote kwa kuvuka mpaka.

Nilipokuwa nikirudi kwa basi la usiku niliwaza mengi. Mimi ni mmoja wa tuliorejea mwaka 1994 kutoka Tanzania. Sisi tuliorejea tunajua uchungu wa kufika mahali ukaambiwa jina lako halimo katika daftari. Tumezungushwa kwa ajili ya vyeti, kwa ajili ya lugha, kwa ajili ya viwanja. Sasa watoto wetu wanasoma Kampala, Dar es Salaam, Nairobi na hapa nyumbani. Je, kila wanapovuka mpaka nao waanze upya kuomba neno la siri kwa mlinzi?

Sisemi kwamba vyuo vyote vya nchi yetu viko nyuma. Nasema juu ya nilichokiona kwa macho yangu langoni. Na nasema kwamba chuo chochote, kiwe hapa, Bujumbura au Goma, ambacho bado kinagawa neno moja kwa watu wote, kinachukua ada ya mwanafunzi na kuigawa barabarani.

Wapo watakaosema hatuna fedha. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, vyuo vyetu vilitegemea setilaiti, na hoja hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Leo visanduku vipo darini na mkongo umefika. Hata programu ya kuhakiki majina ya watumiaji ipo ya bure. Kinachotakiwa ni fundi wa kuandika jina la kila mwanafunzi anapoingia na kulifuta anapomaliza. Hiyo ni kazi ya daftari, na daftari kila muuza duka analo.

Wengine watasema nawanyima wanyonge, kwa kuwa yule dereva wa pikipiki naye anahitaji intaneti. Ni kweli anaihitaji, na mimi naihitaji. Basi tuidai waziwazi: iwekwe sokoni, kwenye vituo vya mabasi na mipakani, tena kwa bei tunayoimudu. Tusiichukue kimyakimya mfukoni mwa mtoto anayesoma kwa mkopo.

Ombi langu ni hili. Viongozi wa vyuo wampe kila mwanafunzi jina lake na neno lake la siri, wajiunge na mpango huu wa kudhaminiana, na wahakikishe intaneti inafika mabwenini na haizimwi maktaba inapofungwa. Wazazi, siku ya kulipa ada, pamoja na kuuliza chumba na chakula, waulize pia: intaneti ya mwanangu ina jina lake? Na wafanyabiashara wenzangu tuondoke ukutani. Faranga 500 tuliyolipa haikufika chuoni. Ilibaki kibandani, na aliyelipa hasara ni mwanafunzi.

Mimi nimeshaondoka. Siku hizi nanunua bando langu, naliandika katika gharama za biashara kama ninavyoandika nauli na ushuru. Mpwa wangu nilimweleza ukweli wiki ile ile niliyorudi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, alama zangu hazitarudi." Hazitarudi kweli. Ndiyo maana nimeandika haya.