Mandhari hayaandiki riwaya

Kila majira ya joto yanapoingia Ulaya na Marekani, maduka ya vitabu huko hujaa riwaya pendwa za kusomwa ufuoni. Baadhi humhusu mwandishi aliyekwama. Ndoa imevunjika, mhariri anadai mswada, naye anafunga safari hadi jumba la mawe Italia au kisiwani Ugiriki, akae faraghani na waandishi wenzake. Wanakula, wanagombana, wanapendana. Kufikia ukurasa wa mwisho mswada umekamilika, ingawa hatukumwona akiandika aya hata moja.

Sizichukii riwaya hizi. Mwanafunzi azisomaye likizoni huzoea kumaliza kurasa mia tatu bila kushurutishwa, jambo ambalo vitabu vya kutahiniwa aghalabu havimfunzi. Ninalolipinga ni dai lililofichwa humo, kwamba bahari na mizeituni ndiyo iandikayo.

Mwaka 1816, Byron na wageni wake walijifungia katika Villa Diodati kando ya Ziwa Geneva. Mlipuko wa volkano ya Tambora mwaka 1815 ulikuwa umevuruga hali ya hewa, na majira hayo ya joto yakawa ya mvua na baridi. Humo ndimo Mary Shelley, msichana wa miaka 18, alimoanzia Frankenstein. Alianza tu! Kitabu chenyewe alikimaliza Uingereza mwaka uliofuata, kikachapishwa 1818.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikamilishia Petals of Blood mjini Yalta, akiwa mgeni wa chama cha waandishi wa Kisovieti. Riwaya ilitoka 1977. Desemba ya mwaka uo huo alitiwa kizuizini, na katika gereza la Kamiti akaandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za msalani. Nisieleweke kwamba naisifu jela. Yalta ilimpa kile ambacho faragha ya aina hiyo hutoa kwa kweli: meza, saa tulivu na mlo uliopikwa na mtu mwingine. (Mtu huyo mwingine, katika riwaya pendwa, huonekana akibeba sinia tu.)

Basi kwa nini wanafunzi wetu wenye vipawa waamini kwamba ni sharti wavuke bahari kwanza? Shule inaweza kuwafungulia watano chumba kimoja kwa wiki moja ya likizo ya Agosti, ikawapikia, na ikampumzisha mwalimu mmoja kusahihisha madaftari ili naye aandike pamoja nao.